TAHADHARI KIGOMA: Duka la spea Mwanga linabadilisha pedi za breki chini ya kaunta

Wenye Probox, IST, Noah na Hiace za Kigoma, Kasulu na Buhigwe, hii msiipitie juu juu. Kuna duka la spea pale Mwanga, jina halitaandikwa hapa, linalouza pedi za breki feki ndani ya maboksi halali, pamoja na fluidi ya breki ambayo si fluidi ya breki. Ya shemeji mmeshaisikia, Probox yake ilikosa breki kwenye mteremko wa Manyovu kwa pedi na fluidi za duka hilo, na wengine mmekwenda kumpa pole. Ila kuna wanaocheka vijiweni eti "dereva mzoefu vile kaingizwa mjini". Mnaocheka hamjui aliingizwaje. Someni kwanza.

Alikwenda na pedi ya zamani mkononi, kama inavyotakiwa. Muuzaji akampokea na "mwakeye" (salamu ya Kiha) ya nguvu, akamvutia kiti, akaichukua ile pedi kuukuu na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Akasema: "Kaka, hii ni ya ndani, na imeliwa kuliko mwenzake wa nje. Pini za kalipa zimekauka. Mwambie fundi azisafishe na kuzipaka grisi ya silikoni, asiweke grisi ya beringi." Kweli tupu! Pedi ya ndani ikiisha mapema kuliko ya nje, cha kwanza kutazama ni pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na grisi ya kawaida huvimbisha raba zake. Tapeli anayejua kazi ndiye mbaya kuliko wote, maana anakupa ushauri wa bure ulio sahihi, nawe unamlipa kwa imani.

Akashusha boksi kutoka shelfu la juu. Stika ya kung'aa ipo, namba ya spea ipo, nailoni ya ndani haijachanika. Akaichana mwenyewe mbele ya mteja, akatoa pedi moja na kuilaza juu ya ile ya zamani: masikio yanakaa, umbo linakaa, unene milimita 10 na ushee. Shemeji akaishika, akaipima uzito kwa kiganja, akapitisha kidole ubavuni, akasoma herufi zilizochapwa. Hakuna kasoro. Akalipa elfu 75 za pedi na elfu 10 za chupa ya fluidi ya nusu lita.

Sasa hapa ndipo penyewe. Chenji inahesabiwa, muuzaji akasema: "Ngoja nikupe seti ya stoo kaka, hii imeshikwashikwa, ina mafuta ya mikono." Nalo hilo lina ukweli, pedi haitakiwi kuguswa na grisi wala oili. Akainama chini ya kaunta na lile boksi. Papo hapo kijana wa dukani akauliza kutoka upande wa pili, "Na plagi je, zina muda gani?" Shemeji akageuza shingo kumjibu. Boksi likarudi juu limepigwa selotepu, limo kwenye mfuko mweusi uliokwisha fungwa fundo, risiti imebandikwa juu. Akapewa na soda baridi. Fundo lile lilifunguliwa gereji, tena na kijana wa tairi, ambaye alizichomeka pedi bila hata kuzitazama mgongo.

Mnaouliza kwa nini hakufungua pale pale, nanyi jiulizeni. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) aliitoa muuzaji bila kuombwa, na hao wanaoitoa bila kuombwa tunawahesabu kwa vidole. Bei ilikuwa ya orijino kabisa, wakati feki tuliyoizoea ni ile ya elfu 25 unayopewa huku muuzaji anaangalia pembeni. Na pale kaunta alikuwa amesimama mzee wetu fundi, yule tunayempelekea giaboksi zilizoshindikana, anasubiri beringi yake. Mtu angeshuku nini?

Barabara ya Manyovu mnaijua. Ukitoka juu Buhigwe kuja Mwandiga ni mteremko na kona, na gari ilikuwa na abiria, mikungu ya ndizi na viroba vya tangawizi nyuma. Hapa mjini pedi zile zilikuwa zinashika vizuri tu, na ndiyo hatari ya feki: ikiwa baridi inashika kama nyingine. Mteremko mrefu wenye mzigo ndio unaoiumbua, kwa sababu diski inapanda joto na haipati nafasi ya kupoa.

Pedi ina bamba la chuma na tabaka la kusugua lililogandishwa juu yake kwa gundi na mgandamizo wa joto. Pedi nyingi nzuri zina matundu au meno kwenye bamba ili tabaka lishike hata gundi ikidhoofika. Bamba la hizi lilikuwa laini, halina tundu wala jino, limepakwa rangi nyeusi juu ya kutu. Upande wa kushoto tabaka lilibanduka zima zima, kikabaki chuma kinasugua diski. Na kwa kuwa chuma hakishiki kama pedi, breki ya kushoto ikawa dhaifu na gari ikavutia kulia, yaani upande wa wanaopanda. Wakati huohuo pedali ilikuwa inazama hadi sakafuni.

Alinusurika kwa sababu alifanya mambo kwa utaratibu. Alipampu pedali haraka haraka. Akarudisha gia kutoka D kwenda 2, mwendo ulipopungua akaweka L. Akavuta hendibreki kidogo kidogo huku kitufe kimebonyezwa, kwa sababu ukiivuta yote kwa mpigo magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari inazunguka. Injini hakuizima. Ukiizima usukani unakuwa mzito na busta ya breki (inayousaidia mguu kukanyaga) inabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Mwisho akaegemeza gari kwenye kingo ya mlima, mtaroni. Taa na bampa vimekwenda, ndizi zimemwagika, watu wote wazima.

(Na nyie mnaoshuka pale kwa nyutro "kuokoa mafuta": injini hizi za EFI (zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta) hukata mafuta zenyewe ukiachia eksileta gari ikiwa kwenye gia. Kwa nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote peke yake. Acheni huo mchezo.)

Hiyo ni pedi. Fluidi ndiyo iliyotutia hasira zaidi. Kifuniko cha tenki la fluidi kilipofunguliwa, raba yake ya ndani ilikutwa imevimba na kupinda, haikai tena mahali pake. Hiyo ni dalili ya oili ya madini kuingia kwenye mfumo, aina ya haidroliki au oili ya injini. Raba za breki zimetengenezwa zikae na fluidi ya glaikoli. Zikikutana na oili zinavimba, vitundu vya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) vinazibwa, na breki inaweza kujishika yenyewe au kukosa nguvu kabisa. Kilichobaki kwenye chupa kilimiminwa kwenye glasi ya maji. DOT 3 na DOT 4 (madaraja ya fluidi ya breki) halisi huchanganyika na maji na kupotea humo. Hii ilipanda juu na kutulia kama mawese kwenye mchuzi. Haidroliki iliyochujwa, imetiwa kwenye chupa iliyookotwa.

Gharama yake sasa: raba za masta silinda, raba za kalipa, vikombe vya silinda za magurudumu ya nyuma, hozi zote za raba, na mabomba kusafishwa. Kutoa oili na kujaza fluidi mpya hakutoshi, maana raba imeshainyonya. Gari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga), kifaa chake nacho kinaingia kwenye hesabu. Kwa chupa ya elfu 10!

Tukisema afungiwe duka wiki moja watu wanatuambia tuna roho mbaya. Wiki moja? Huyu apakizwe kwenye hiyo Probox, na pedi zake na fluidi yake, na mikungu 20 nyuma, ashuke nayo mwenyewe kutoka Manyovu! Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na viwango ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango. Tunachotaka ni stoo ifunguliwe mbele ya watu, mzigo uteketezwe, na yeye afike mahakamani, asimalizane na mtu pembeni kwa kurudishiwa elfu 85. Na yule kijana wa kuuliza plagi asiachwe, kazi yake ni ileile. Wanaosema "msamehe, ana watoto", abiria wa nyuma ya ile gari nao walikuwa na watoto, mmoja alikuwa kampakata.

Haya, dalili. Mzigo unaoondoka nao uwe uleule ulioushika, mambo ya "nikupe ya stoo" yakatae. Ukiambiwa ni lazima ya stoo, fungua tena upya, pedi zote nne, geuza migongo. Maandishi ya ubavuni yalingane kwenye zote nne. Humo kuna herufi mbili za msuguano, mfano FF au GF: ya kwanza ni nguvu ya kushika pedi ikiwa baridi na ya pili ikiwa moto, na E iko chini ya F, F chini ya G. Kwa milima yetu pedi yenye E upande wa joto haifai. Ila herufi nazo zinachapwa na yeyote mwenye mashine, kwa hiyo usiishie hapo. Rangi juu ya kutu, ufa kati ya bamba na tabaka, unga unaotoka ukikwaruza kwa ukucha: rudisha. Chupa ya fluidi iwe na foili chini ya kifuniko na pete ya kifuniko iwe nzima. Jaribio la maji likishindwa ujue ni feki. Likifaulu bado si uthibitisho, kwa sababu hata kulanti ya rejeta inachanganyika na maji.

Mlionunua pale miezi hii, gari isipande mlima kabla haijafunguliwa. Anzeni na raba ya kifuniko cha fluidi, ni kazi ya dakika moja. Ikiwa imevimba, gari ivutwe, isiendeshwe. Ikiwa nzima, bado vua magurudumu ya mbele, toa pedi, tazama kiungo cha bamba na tabaka pande zote. Pedi iliyobaki milimita 3 haina mjadala, ibadilishwe, na diski nayo ipimwe, unene wake wa mwisho kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe. Kufunga pedi mpya: pini zisafishwe na zipakwe grisi, nati za magurudumu zikazwe kwa msalaba, Nm 103 kwa Toyota hizi ndogo, kisha pedali ipampuliwe hadi iwe ngumu kabla gari haijasogea. Baada ya hapo pedi zizoezwe mahali tambarare: kutoka spidi 50 punguza hadi 20 bila kusimama kabisa, rudia kama mara 10, ukiacha nafasi ya kupoa.

Fluidi mpya iwe ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tenki. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Inanyonya maji yenyewe kutoka hewani, na maji yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, pedali inazama. Kwa hiyo ni kila miaka 2, hata kama haijapungua. Lita moja inatosha gari ndogo kubadilisha yote na kutoa upepo. Upepo mnaanza kuutoa kwenye gurudumu lililo mbali na masta silinda, kwa hizi zetu za usukani wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chupa iliyokaa wazi gereji toka mwezi uliopita mwacheni nayo fundi. Na ikidondokea bodi mwageni maji haraka, inakula rangi.

Waliopigwa na duka hilihili tunzeni risiti, boksi, pedi na fluidi iliyobaki. Msimrudishie kitu hata akiahidi kulipa mara mbili, anachotafuta ni ushahidi.

La mwisho ni letu mafundi, na tusinuniane. Yale maboksi halali huyu bwana hayaokoti jalalani. Kuna vijana wanapita gereji jioni wananunua maboksi matupu na chupa tupu kwa mia tano, mia tano, na tunawauzia. Kuanzia leo boksi likishatoka pedi, lichanwe mbele ya mteja pamoja na stika yake, na chupa ya fluidi itobolewe kitako kwa bisibisi kabla haijatupwa.