Siem Reap au Battambang: ulale mji gani?

Anayepanga safari ya kaskazini-magharibi mwa Kambodia hukutana na swali hili mapema.

Kwa usafiri, Siem Reap iko mbele. Ina uwanja mpya wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa Oktoba 2023, ingawa uko mbali na mji, hivyo weka nauli ya teksi kwenye bajeti. Battambang huingiwa kwa basi, au kwa boti kupitia ziwa la Tonle Sap na mto Sangker. Boti ndiyo ninayoipendekeza, ila kiangazi maji hupungua na safari hurefuka mno.

Kwa gharama, tiketi ya Angkor, eneo la mahekalu ya kale karibu na Siem Reap, ni dola 37 kwa siku moja na 62 kwa siku tatu. Ni pesa nyingi, lakini Angkor Wat, hekalu la karne ya 12, halina mfano. Mahekalu ya Battambang, Banan na Ek Phnom, ni madogo na kiingilio chake ni nafuu. Magharibi ikiingia, popo maelfu kwa maelfu hutoka pangoni kwenye mlima Phnom Sampov, karibu na Battambang. Mlima huohuo una mapango ambamo Khmer Rouge, kundi la kikomunisti lililotawala nchi kikatili miaka ya 1970, waliua watu, basi uupande kwa heshima. Mjini Battambang kuna maduka ya enzi ya Wafaransa na shule ya sarakasi ya Phare Ponleu Selpak, iliyoanzishwa mwaka 1994.

Mwenye siku mbili ambaye hajaiona Angkor, alale Siem Reap. Aliyekwisha kuiona, au asiyependa msongamano, Battambang itamfaa zaidi. Mwenye wiki nzima agawanye, aanzie Angkor.