Live Music Archive kwa sikio la mpenda sebene

Sisi tuliolelewa na rumba ya Kongo, dakika tatu za mwanzo tunazivumilia tu. Utamu unaanza waimbaji wakinyamaza na magitaa yakaachiwa sebene. Ndiyo maana Live Music Archive, tawi la Internet Archive lililoanzishwa 2002, limeniteka hapa Kampala. Ni ghala la rekodi za matamasha ya bendi zilizokubali mashabiki wazirekodi na kugawana bure. Hulipi kitu, wala hukatizwi na matangazo.

Wimbo ninaoufukuzia ni «Dark Star» wa Grateful Dead, bendi ya Marekani. Sahani yake ya 1968 haifiki dakika tatu. Jukwaani waliuvuta hadi ukapita dakika ishirini, na kila usiku ulikuwa na njia yake. Sikiliza ule wa Fillmore West, San Francisco, 27 Februari 1969, halafu ule wa Veneta, Oregon, 27 Agosti 1972. Wa kwanza una wapiga ngoma wawili. Kufikia wa pili, Mickey Hart ameshaondoka, amebaki Bill Kreutzmann peke yake, na piano ya Keith Godchaux imeingia, kwa hiyo muziki una nafasi ya kupumua na unageuka ghafla pale usipotarajia. Jirani yangu anayepiga besi kwenye baa za Kabalagala alisikiliza kidogo akasema, «Hii si sebene tu, bwana? Ila hawachezi.» Sikumbishia.

Sasa bando, maana ndilo linaloamua mambo. Tangu Julai 2021 data hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo usiguse FLAC, faili zito la sauti lisilopunguzwa ubora, kama huna spika za kuifaidi. MP3 ya wimbo huohuo ni nyepesi mara kadhaa. Fungua ukurasa wa tamasha, chagua faili la wimbo mmoja, liache lishuke usiku. Lakini kwa Grateful Dead kuna kizingiti: tangu 2005, rekodi zilizotoka kwenye miksa ya jukwaani, yaani mashine ya kuchanganya sauti, unazisikiliza mtandaoni tu, kila mara kwa MB mpya. Zinazopakuliwa ni zile za mikrofoni za mashabiki. Wengi wanazikwepa kwa sababu ya miluzi na kelele. Mimi nazipenda zaidi, ukumbi unausikia mzima, hata yule mlevi anayeomba wimbo mwingine.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni uandishi wa kumbukumbu. Tarehe, ukumbi, mpangilio wa nyimbo, mara nyingi hata aina ya mikrofoni. Linganisha na video za Afrigo, bendi yetu ya Uganda, zinazozunguka kwenye simu zetu zenye kichwa «Afrigo live», basi. Mwaka gani? Ukumbi gani? Nani yuko kwenye saksafoni, Moses Matovu au kijana wake?

Nilipotafuta Afrigo humo sikuambulia kitu, na siwalaumu wenye ghala, kwa sababu bila ruhusa ya bendi na bila mtu wa kurekodi hakuna cha kuweka. Bendi ipo tangu 1975, na watu husimama mbele yake na simu zikiwa juu. Kinachokosekana ni bendi kutamka kwamba inaruhusu, na shabiki mmoja mwenye kinasa sauti kizuri na daftari.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kisanduku cha kutafutia: andika tarehe kwa mtindo wa 1972-08-27, la sivyo utapotea.