Let's Encrypt: cheti cha bure kwa websaiti ya gesti yetu Kisumu

Wenye biashara ndogo hapa Kisumu, na nyinyi wa Kakamega na Busia pia, someni hii pole pole. Niko na gesti ya vyumba sita huku Milimani, websaiti yetu iko na fomu ya bukingi, mgeni anaandika jina, namba ya simu, kitambulisho na siku anafika, halafu chini kuna till ya M-Pesa ya kulipa depositi. Anwani yake ilianza na http tu bila ile s ya https, na mimi nlikuwa naona iko sawa, picha zinafunguka, sasa nini tena.

Siku moja mgeni wetu wa Busia, mzee anafanya biashara ya mahindi na amelala kwetu mara nyingi, akanipigia, "Madam, simu inaniambia kwenu si salama, nimeogopa kuweka kitambulisho." Kumbe hilo onyo liko tangu Julai 2018, Chrome, ile brauza wengi tunafungulia websaiti kwa simu, ilianza kuandika hivyo kwa kila websaiti ya http. Huyo mzee alipiga simu kwa sababu ananijua, wengine waliona tu wakaenda kulala kwingine na sitawahi kujua.

Nikauliza kampuni iliyotuwekea websaiti, wakasema cheti cha usalama, chenye kinaleta hio s, ni 6,500 kila mwaka. Nlikuwa karibu kulipa, lakini kijana wa dada yangu anasoma kompyuta huko Maseno, akasema, "Anti, ngoja, hicho kitu kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, lakini wacha kwanza nikuonyeshe unakihitaji kwa nini."

Akakaa hapo risepsheni, akawasha hotspot ya laptopu yake, simu yangu ikaingia kwa hio hotspot, akaniambia nijaze fomu kama mgeni. Nikajaza, nikatuma. Akageuza laptopu nione. Katikati ya maandishi mengi sielewi, jina langu lilikuwa hapo, na namba yangu ya kitambulisho yote, wazi kabisa, na hakuna paswadi yoyote alivunja. Nikashtuka, lakini kulikuwa na mbaya zaidi. Akaniambia fungua ukurasa wa malipo, nikafungua, akauliza, "Anti, hio ndio till yenu?" Nikaangalia vizuri, namba mbili za mwisho hazikuwa zetu. Alizibadilisha ukurasa ukipita kwa laptopu yake, kwa seva yetu, ile kompyuta inaweka websaiti, hakugusa kitu. Rangi zetu, picha ya geti letu, kila kitu chetu, na depositi ya mgeni ingeenda kwa mtu mwingine, halafu huyo mgeni anafika usiku na mesej ya M-Pesa mkononi mnaanza kugombana.

Kwa hivyo mtu akiniambia yeye hachukui kadi za benki, https ni ya nini, namuuliza namba ya till ameiandika wapi. Http ni kama karatasi unampa makanga pale steji apeleke Kakamega bila bahasha, kila mwenye anaishika njiani anaisoma, na akiwa na kalamu anaandika yake juu. Wai-fai ya mkahawa, mitambo ya kampuni ya intaneti, zote hizo ni mikono. Https inafanya simu ya mgeni na seva yako zipatane siri kwanza, halafu kila kitu kinasafiri kimefungwa, na kikiguswa brauza inajua na inakataa.

Sasa Let's Encrypt yenyewe. Ni ya shirika la Marekani lisilofanya kazi ya faida, linaitwa ISRG, na kati ya walioanzisha ni Mozilla wenye brauza ya Firefox na EFF, shirika linatetea haki za watu mtandaoni, na wanatoa vyeti kwa kila mtu tangu Desemba 2015. Bure kabisa. Wanachotaka kujua ni kama domeini, yaani jina la websaiti, ni yako kweli: programu inaitwa Certbot inaweka kafaili kwa seva yako, wao wanakuja kukasoma, wakikapata wanatoa cheti. Hio yote kijana wetu aliimaliza chai yake ikiwa bado moto. Kilichomweka mpaka jioni ni picha zetu za zamani zilizokuwa bado zinaitwa kwa http, akazirekebisha moja moja, na akaweka kwamba mtu akiandika anwani ile ya zamani anapelekwa https moja kwa moja. Hapo ndipo mafundi wengi wanaruka, kwa hivyo jaribu mwenyewe kabla hujamlipa mtu. Tukarudia ile ya hotspot: maandishi yamevurugika hayasomeki, na alipojaribu kuingia katikati abadilishe till, simu yangu ikakataa kufungua.

Chenye sijapenda ni hiki. Cheti kinakaa siku 90 tu, na zamani walikuwa wanatuma imeli ya kukumbusha lakini waliacha Juni 2025. Certbot inafaa ijirenew yenyewe, sisi ilikwama tulipohamisha seva, cheti kikaisha, na Jumamosi asubuhi wageni wakapata onyo kali kuliko lile la kwanza. Sai tarehe ya kuisha iko kwa kalenda ya ukutani, naangalia kila mwezi. Na usifikirie cha kununua kitakuepusha, hata vya kununua vinafupishwa muda, kuanzia katikati ya Machi 2029 hakuna kipya kitazidi siku 47.

Pia msidanganyane, cheti hakisemi mwenye websaiti ni mwaminifu, hata matapeli wanakipata, kwa hivyo mgeni asome jina la domeini herufi kwa herufi. Na ile alama ya kufuli msiitafute kwa Chrome, waliitoa 2023. Namba za watu zikishafika kwa seva cheti hakizilindi tena, hapo ni wewe na Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, moja nimetoa kwa sababu ya hizo imeli. Yule mzee wa Busia alibuku wiki iliyofuata kwa simu yake mwenyewe, akaandika anataka kile chumba cha nyuma.