Seti ya plagi za hita za fimbo kwa Mercedes-Benz 240D: plagi ni nzuri, nyaya zake hazitoshi

Matoleo ya mwanzo ya Mercedes-Benz 240D ya umbo la W123, lililoingia sokoni mwaka 1976, yalifungwa plagi za hita (vifaa vya umeme vinavyopasha moto injini ya dizeli ili iwake ikiwa baridi) za aina ya kitanzi, ambazo waya wake mnene wa kupashia moto uko wazi ndani ya chumba cha awali cha mwako. Plagi hizo nne huunganishwa kwa mfululizo, hivyo umeme hauwezi kufika ya pili bila kupita ya kwanza, na moja ikikatika zote huzimika. Hata zikiwa nzima, dereva husubiri nusu dakika au zaidi kabla ya kupiga stata, na injini ikiwa imechoka kidogo kwa mgandamizo, subira hiyo hujirudia mara mbili au tatu asubuhi yenye baridi.

Seti ninayoitathmini inaondoa mpango huo wote. Ina plagi nne za fimbo zenye hesi pana ya milimita 18, ili ziingie katika matundu yaleyale ya zamani, pamoja na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi na nyaya za kuunganisha plagi kwa sambamba, yaani kila moja ikipata umeme wake bila kupitia nyingine. Ndani ya kila fimbo kuna koili mbili: moja ya kupasha ncha, na nyingine ambayo ukinzani wake hupanda kadiri inavyopata joto. Kwa sababu hiyo plagi huanza kwa kuvuta ampea 20 hivi, kisha hujipunguza yenyewe hadi karibu 10, ilhali ncha yake imeshapita nyuzi 850 za Selsiasi ndani ya sekunde chache. Kwa upande huu sina malalamiko. Injini inashika mapema, moshi mweupe wa dakika ya kwanza umepungua sana, na mlio ule wa kugonga wakati injini bado ya baridi umelainika.

Tatizo liko katika kila kitu kingine kilichomo kwenye boksi.

Nyaya zilizokuja na seti ni za milimita mraba 4, na ukikwangua moja unakuta ni alumini iliyopakwa shaba juu. Plagi nne zikianza pamoja huvuta takriban ampea 80. Waya wa shaba halisi wa unene huo, wenye urefu wa mita 2, ungepoteza volti 0.7 kwa mkondo huo. Alumini hupoteza zaidi ya volti moja, kabla hata ya kuhesabu viungo vilivyoshika kutu na waya wa eathi wa injini, unaorudisha umeme kwenye betri, ambao pengine haujaguswa tangu gari litoke kiwandani. Upungufu huo unaonekana mdogo kwa macho, lakini joto la plagi hufuata mraba wa volteji: plagi iliyopaswa kupata volti 11 ikipata 9.5, imekwisha kupoteza robo ya nguvu yake. Ndiyo maana wapo wanaobadilisha plagi mara kwa mara na kulaumu watengenezaji, kumbe plagi hazijawahi kulishwa umeme wa kutosha. Mimi nimeweka waya wa shaba wa milimita mraba 16 kutoka kwenye betri hadi kwenye plagi, na waya mwingine wa unene huohuo kutoka kwenye bloku ya injini hadi kwenye betri, maana plagi ya fimbo hurudisha umeme kupitia mwili wake na haina njia nyingine.

Rilei iliyomo imeandikwa ampea 40. Kwa mkondo wa kuanzia wa ampea 80, vigusio vyake huungua kidogo kila asubuhi, na mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: ama haviungi tena, ama vinashikana moja kwa moja na plagi zinabaki zikiwaka hadi zikatike au betri iishe. Badala yake inafaa solenoidi (swichi ya aina hiyohiyo, ya mkondo mkubwa) ya ampea 100 iliyoundwa kubaki imewashwa muda mrefu. Solenoidi ya stata haifai, kwa kuwa koili yake imetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache. Fyuzi ya bamba ya ampea 80, ambayo Mercedes yenyewe iliitumia kwenye magari yake ya baadaye yenye plagi za fimbo, inatosha.

Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyonikera zaidi. Haisemi kwamba mfumo wa zamani una waya wa ukinzani uliowekwa makusudi, kwa kuwa plagi za kitanzi hutumia chini ya volti 2 kila moja. Waya huo ukiachwa, plagi mpya hazitapata moto wa maana. Wala haisemi kwamba plagi ya mwisho katika mfululizo wa zamani imeunganishwa na eathi. Mtu akifunga waya mpya bila kuondoa kiungo hicho, anaunganisha betri moja kwa moja na mwili wa injini, na kama hakuweka fyuzi, waya utawaka. Suala la masizi nalo limeachwa: matundu yasiposafishwa, masizi huigusa ncha ya fimbo na kuifupishia maisha. Kuhusu dawa ya kupulizia ya etha, ambayo haipaswi kabisa kukaribia injini yenye plagi za hita zinazowaka, kuna mstari mmoja tu, tena kwa herufi ndogo.

Muuzaji akikubali kutoa plagi bila vifaa vingine, chukua plagi peke yake. Asipokubali, nyaya za seti zinafaa kwa taa za ndani.