Okidi ndogo zinazonukia: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Okidi inayonunuliwa zaidi mijini ni Phalaenopsis, ile yenye maua mapana yaliyojipanga kwenye kikonyo kimoja kirefu, na nyingi kati ya zinazouzwa hazinukii. Mteja anaibeba nyumbani akitarajia manukato, anainusa asubuhi, anainusa jioni, hapati kitu. Wakati huohuo, kwenye kona ya kitalu kilekile kuna mche mwembamba ambao hakuna aliyeugusa, na huo ukichanua ungenukiza sebule nzima.

Sababu kubwa ni saa. Okidi nyingi ndogo zenye harufu nzito zina maua meupe au ya kijani mpauko, na hunukia kuanzia giza linapoingia, kwa kuwa wachavushaji wake ni nondo. Mwaka 1862 Charles Darwin alichunguza ua la Angraecum sesquipedale la Madagaska, lenye mrija wa nekta unaokaribia sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alikuja kuelezwa na wanasayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Mche wenyewe ni mkubwa mno kwa dirisha la nyumba ya kupanga, lakini ndugu zake wadogo wana tabia ileile. Duka linafungwa jioni kabla ua halijaanza kazi yake. Kwa hiyo unayemtegemea mno muuzaji na pua yako ya mchana utaziacha zilizo bora.

Nimezipanga hapa kwa mambo manne: harufu iwe ya kweli, mche utoshe dirishani au barazani, uvumilie mkono wa mtu ambaye bado anajifunza kumwagilia, na uchanue tena bila kuhitaji nyumba ya kioo ya kukuzia mimea.

Ya kwanza: Brassavola nodosa

Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja na anataka okidi moja tu, anunue hii. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na huko huota mpaka kwenye mikoko ya pwani, ikipigwa na jua na upepo wa chumvi. Joto letu haliitishi. Majani yake ni marefu, membamba lakini yenye nyama, mfano wa majani ya kitunguu, na hayo ndiyo yanayoweka akiba ya maji. Ukisahau kumwagilia siku mbili tatu haitakufa.

Ua lina mdomo mweupe wenye umbo la moyo, na majani ya ua yaliyobaki ni membamba ya kijani mpauko. Mchana ukilinusa unaweza kudhani umeuziwa kitu kingine. Subiri saa moja jioni. Harufu huanza taratibu, ndimu kwanza, kisha kitu kizito zaidi kinachokaribia asumini, na kufikia saa tatu usiku imeshafika chumba cha pili. Kwa watu wa Pwani waliozoea asumini na kilua kwenye nywele na matandiko, hii haihitaji maelezo marefu. Huweza kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, mradi ipate mwanga mwingi. Majani yakiwa ya kijani kizito sana, mwanga hautoshi. Yakiwa na wekundu kidogo, iko pazuri.

Ukikuta iliyoandikwa Brassavola Little Stars, chukua bila wasiwasi. Ni chotara ya hiyohiyo, maua yake ni madogo kidogo lakini ni mengi.

Wa Nairobi, Nakuru au Mbeya wanaweza kuifuga pia, ila ikae ndani karibu na dirisha lenye jua, maana usiku wa Julai huko ni baridi kuliko inavyopenda.

Ya pili: Maxillaria tenuifolia

Inanukia nazi. Si kwa kufikiria. Mtu aliyefumba macho atasema kuna anayekuna nazi. Maua ni mekundu ya kukoza, moja moja, na hujificha chini kati ya majani membamba yanayofanana na nyasi. Hii hunukia mchana, hivyo dukani unaweza kuijaribu mwenyewe.

Tatizo lake ni kwamba kichane kidogo chenye vichipukizi vitatu hakichanui. Nunua fungu lililojaa, hata kama bei ni mara mbili ya lile dogo. Fungu dogo litakuweka miaka ukisubiri. Pia kila chipukizi jipya huota juu kidogo ya la zamani, mche unapanda kama unaondoka chunguni. Usiufukie. Upandishe kwenye kipande cha gogo au kikapu, mizizi itashika yenyewe. Mizizi hiyo ni myembamba, haivumilii kiu kama ya Brassavola, na ndiyo maana nimeiweka ya pili.

Kabla ya kulipa

Ua ni jambo la mwisho kuangalia. Shika mche shingoni, utikise polepole. Ukiyumba, hauna mizizi ya kuushika, na utanyauka hata ukiuhudumia vipi. Kama chungu ni cha plastiki angavu, angalia pembeni: mizizi iliyo hai ni migumu, ya kijani ikiwa na maji, ya rangi ya fedha ikiwa imekauka. Ya kahawia inayobonyea imeoza. Geuza jani, tazama upande wa chini na pale jani linapokutana na shina. Wadudu weupe wenye manyoya ya pamba hukaa hapo, na ukiwapeleka nyumbani watahamia miche yote.

Kisha uliza kwa heshima: "Dada, huu ulibadilishiwa chungu lini?" Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Muulize pia kama mche umeshawahi kuchanua hapo kitaluni. Miche iliyotoka maabara ni rahisi kwa bei, lakini mingi huchukua miaka mitatu, minne au zaidi kufikia ua la kwanza.

Phalaenopsis ya rangi ya buluu kali iache. Rangi hiyo imeingizwa kwa dawa kwenye kikonyo, na maua yajayo yatatoka meupe.

Maji

Hapa ndipo okidi nyingi hufia, na kwa kawaida ni kwa kupendwa kupita kiasi. Mizizi ya okidi hizi haikuumbwa kukaa udongoni. Huko zilikotoka hushika matawi, zinalowa kwa mvua, upepo unazikausha, zinalowa tena. Ngozi nyeupe ya nje ya mzizi hufyonza maji kwa haraka na kugeuka kijani mbele ya macho yako. Ukijifunza kusoma rangi hiyo huhitaji kalenda. Mzizi wa kijani: acha. Mzizi wa fedha: mwagilia.

Mwagilia asubuhi, maji mengi, mpaka yatiririke chini, halafu yaache yachuruzike yaishe. Kisahani chenye maji chini ya chungu ni kaburi. Maji yakibaki katikati ya majani usiku, hasa wakati wa baridi, mche unaoza kuanzia moyoni. Okidi iliyo kwenye chungu cha magome au mkaa mara nyingi hutosheka na maji kila baada ya siku tano hadi saba. Iliyofungwa kwenye gogo bila chungu inataka kila siku, na wakati wa kaskazi pengine asubuhi na alasiri. Kupuliza majani kwa chupa pekee hakutoshi, kunalowesha juu tu.

Maji ya kisima ndiyo adui ambaye wengi hawamjui. Maeneo mengi ya Dar es Salaam na pwani ya Kenya visima vina chumvi, na Arusha maji mengi ya ardhini yana floraidi nyingi. Dalili ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za mizizi kuwa nyeusi. Kinga maji ya mvua ya masika kwenye pipa lenye mfuniko. Okidi nne tano hazimalizi pipa haraka. Ukiweka mbolea, weka robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi safisha kwa maji matupu.

Kuhusu cha kupandia, usinunue mfuko ghali wa magome kutoka nje kama una makumbi ya nazi. Yakate vipande vya sentimita mbili, yaloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji ili chumvi itoke, changanya nusu kwa nusu na mkaa uliovunjwavunjwa. Hata kifuu kilichotobolewa chini kinafaa kuwa chungu cha kuning'iniza. Ila makumbi huhifadhi maji, hivyo masika yakianza okidi zisogezwe chini ya paa.

Ya tatu: Oncidium Twinkle

Kwa Nairobi, Arusha, Kigali, Bukavu na miji mingine ya mwinuko, hii ningeiweka ya kwanza. Ua moja halifikii sentimita mbili, lakini mche mmoja hutoa maua kwa makumi, meupe, ya njano, ya waridi au mekundu, yakinukia vanila mchana. Haipendi joto la kubana la Pwani, na mizizi yake ni kama nywele, ikikauka sana majani mapya hutoka yamekunjamana, na mikunjo hiyo haifutiki. Muuzaji akikupa Sharry Baby badala yake, ni nzuri na inanukia chokoleti kabisa, ila kikonyo chake kinakaribia mita moja.

Ya nne: Aerangis, za kwetu

Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Aerangis brachycarpa na Aerangis confusa ni za nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Aerangis kirkii ni ya misitu ya pwani. Nyeupe, mikia mirefu ya nekta nyuma ya ua, harufu ya usiku iliyo tulivu. Nimeziweka ya nne kwa kuwa zinataka kufungwa kwenye gogo, kivuli, hewa yenye unyevu na maji kila siku, na kwa sababu ya namna zinavyouzwa.

Miche inayotembezwa barabarani, mizizi imekatwa na bado imeng'ang'ania vipande vya magome ya mti wa msituni, majani yamejaa makovu, hiyo imeng'olewa porini. Mingi hufa ndani ya miezi michache kwa sababu mizizi iliyokatwa hairudi kufanya kazi. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuzitoa nchi moja kwenda nyingine kunahitaji kibali chake pamoja na cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Nunua iliyozalishwa kitaluni kwa mbegu: majani safi, mizizi mizima, ukubwa unaolingana na wenzake mezani. Angalia jina pia, maana Aerangis rhodosticta yenye kitone chekundu katikati ni nzuri kuitazama lakini haina harufu ya maana.

Zilizobaki

Dendrobium kingianum ya Australia inanukia asali na ni ngumu kuua, lakini bila majira ya usiku wa baridi wa karibu nyuzi 10 haichanui. Limuru au Njombe sawa, Pwani usijisumbue. Vanda falcata ya Japani, iliyofugwa na wakubwa wa huko tangu enzi za masamurai, ina harufu ya hali ya juu na inatosha kiganjani, ila ni ghali na huku hupatikana kwa nadra. Isubiri hadi uwe umeifanya Brassavola ichanue mara ya pili.

Vyovyote utakavyonunua, usibadilishe chungu siku ileile. Iache wiki mbili itengane na miche mingine, uone kama wadudu watajitokeza, halafu hamisha pale ncha mpya za kijani zinapoanza kutoka mizizini.