Fundi wa mashine za boti pale Deep Sea, Tanga
Kama una Yamaha Enduro 40 ya zamani na unataka kuifungua yote uisuke upya, ipeleke kwa huyu jamaa, hana papara kabisa. Si mnajua mashine za maji chumvi, boliti za chuma zinagandana na alumini, mafundi wengi wanakaza spana tu mpaka kichwa kinakatika af waanze kutoboa na drili, hapo bloku, yaani mwili wa alumini wa mashine, imeshaharibika. Huyu anamwaga petroli yote kwanza, anapaka oili ya kulainisha anaiacha ilale, kesho yake anapasha moto alumini pembeni ya boliti maana inatanuka zaidi kuliko chuma, anagonga kidogo inaachia. Safi sana! Guu, ile sehemu ya chini yenye gia na propela, alivyolifungua oili ya gia ikatoka nyeupe kama maziwa, akanionyesha sili (raba za kuzuia maji) zimekwisha na maji yameingia, impela nayo, ile ya pampu ya maji ya kupoza mashine, mapezi yamekakamaa. Kila boliti ina kopo lake, limeandikwa. Bei yake imechangamka na foleni ipo, ila mi narudi tena kwake. Gasketi na sili nunua orijino uende nazo mwenyewe.