Kipima oksijeni cha kidoleni: nyota mbili, kwa sisi weusi

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kinawaka haraka, tarakimu zake ni kubwa kiasi kwamba shangazi yangu anazisoma bila miwani, na betri zinadumu. Mapigo ya moyo kinayasoma sawasawa. Nimelinganisha na kuhesabu mwenyewe kwa vidole. Nilikinunua kwenye duka la dawa hapa Houston, Marekani, dola 39 na senti zake, kwa sababu shangazi ana ugonjwa sugu wa mapafu na daktari wake alitaka tuwe tunampima nyumbani. Ningekuwa namwandikia mnunuzi mweupe ningekipa nyota nne na kuishia hapo.

Tatizo ni namba ya oksijeni, ambayo ndiyo iliyotufanya tukinunue. Kifaa hiki hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha hukadiria oksijeni iliyomo kwenye damu kwa kuangalia mwanga umefyonzwa kiasi gani. Melanini, inayotupa weusi wetu, nayo hufyonza mwanga. Kifaa kisiporekebishwa kwa ajili hiyo, mtu mweusi anaweza kuonyeshwa oksijeni nyingi kuliko aliyo nayo. Kosa lake kwetu huelemea upande mmoja, ule wa kusema uko salama.

Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua namba za kidoleni na kuzilinganisha na vipimo vya damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, vya wagonjwa walewale. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88, kiwango cha hatari, katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu! Na jambo hili lilishaandikwa na watafiti tangu 1990. Miaka thelathini vifaa vikaendelea kuuzwa, na watu wetu wakaendelea kuambiwa wanapumua vizuri.

Sisi tuliyaona usiku mmoja. Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kainama mbele, mikono juu ya magoti, kila maneno mawili anakatisha avute pumzi. Kifaa chetu kikasema 94. Tukaenda hospitali, kifaa chao, kikubwa na cha bei kuliko chetu, kikasema 95. Muuguzi akamwangalia kucha kama zina rangi, hazikuwa na rangi, akasema namba ni nzuri, tusubiri. Shangazi akanishika mkono: "Mwanangu, mashine inasema nina pumzi, mimi pumzi sina." Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nikaomba apimwe damu ya ateri, kipimo ambacho hospitali za huku hukiita ABG. Nikaulizwa kama mimi ni daktari. Nikaomba tena, safari hii nikiwa nimesimama. Mwishowe akaja kijana mmoja mtaratibu, akapapasa mshipa kwenye kifundo cha mkono, akachoma sindano. Jibu likarudi: 86. Hapo ndipo kila mtu alipoanza kutembea haraka.

Hakuna aliyetutukana usiku ule. Yule muuguzi alikuwa mpole, tena alimletea shangazi blanketi. Ndugu walioko nyumbani wakiniuliza kuhusu ubaguzi wa Marekani huwa wanawaza polisi na matusi ya barabarani, na hayo yapo, nisiwafiche. Lakini ubaguzi ulioniogopesha kuliko yote niliuona kwenye kipande cha plastiki ambacho hakikuwa na chuki na mtu. Uliingia kiwandani, siku walipochagua vidole vya kukipimia. Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, wa mwaka 2013 ulitaka majaribio ya angalau watu 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili au asilimia 15. Wawili! Kwa nchi yenye mamilioni ya watu weusi.

Na namba hizi hazibaki kwenye kioo cha kifaa. Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa kawaida hulipia oksijeni ya nyumbani mgonjwa akisoma 88 kushuka chini. Mzee mweusi ambaye damu yake iko 86 na kidole kinasema 91 anaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu, kwa utaratibu, karatasi zote zikiwa sawa.

Msiniambie fizikia ndiyo imeshindikana. Miaka ya 1970 kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa na kipimo cha sikioni kilichotumia mianga minane ya aina tofauti. Vilivyokuja kushika soko ni vya mianga miwili, vidogo na rahisi. Kwenye figo nako kulikuwa na hesabu ya kukadiria figo zinafanya kazi kiasi gani, iliyowaongezea weusi alama, wakaonekana figo zao ni nzima kuliko zilivyo na kuchelewa kwenye foleni ya kupandikizwa. Mwaka 2021 wataalamu walipendekeza hesabu mpya isiyotumia rangi ya mtu. Wakiamua, wanaweza. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya wa vipima oksijeni inayotaka majaribio ya watu 150 au zaidi, wa rangi zote za ngozi. Ila vifaa kama changu, vinavyouzwa madukani kama vya afya ya jumla, FDA haivikagui kabla havijauzwa. Kijitabu cha changu kinaonya kuhusu rangi ya kucha, mikono ya baridi na kutikisika. Kuhusu ngozi, hakuna hata mstari.

Je, ununue? Mimi bado ninacho, na ninakitumia kwa namna moja tu. Mpime mgonjwa wako siku anazojisikia vizuri, kidole kilekile, mikono ikiwa na joto, uandike. Ukiona namba imeshuka pointi tatu au nne kutoka kawaida yake, piga simu kwa daktari, hata kama bado inasoma 93. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa anahema, amini kuhema. Na ukifika hospitali usibishane kuhusu ubaguzi pale mapokezi, utapoteza muda ambao mgonjwa hana. Sema: "Ngozi yake ni nyeusi, kifaa hiki kinaweza kukosea, naomba ABG." Wakikataa, omba waandike kwenye faili kwamba umeomba na wamekataa.